Tyubu Mbili za Liberatus

Mwaka ule baada ya vita, maduka ya Iringa yalipokuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, Liberatus Kikoti alipanda juu ya stuli sebuleni kwake Kihesa, akachomoa taa ya tyubu darini na kushuka nayo taratibu kama aliyebeba mtoto mchanga. Mkewe, Rozalia, alikuwa kwenye cherehani chini ya taa hiyohiyo. Alikuwa ameombwa azime swichi kidogo, naye akaizima akidhani mumewe anataka kufuta vumbi. Mwanga uliporudi, ulirudia kwenye kona ya sebule, juu ya tangi la samaki. Rozalia akabaki gizani na mshono nusu, mguu ukiwa umerudi juu ya pedali.

Liberatus alimweleza kwamba ni kwa muda tu. Rozalia akauliza muda gani. Liberatus akasema mpaka mimea ipate nguvu.

Kesho yake alimtundikia mkewe globu kwa waya mrefu juu ya cherehani, akaiwasha na kuizima mara kadhaa ili aone jinsi inavyofanya kazi vizuri. Ilikuwa globu ndogo, ya manjano, ya aina ambayo watu waliiweka chooni. Rozalia alishukuru. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, na adabu yake ilimtisha Liberatus kuliko kelele.

Tangi lilikuwa limeingia katika nyumba ile miezi michache nyuma. Liberatus alikuwa karani wa vipimo katika ofisi ya maji. Kazi yake ilikuwa kwenda mtoni, Ruaha Mdogo, kusoma kina cha maji kwenye ubao uliosimikwa ukingoni, na kazi hiyo ilikuwa imemwachia ugonjwa wa kupima kila kitu. Rozalia aliwahi kumkuta nyuma ya jiko akipima kwa rula miche ya maharage. Siku moja alitumwa kufunga maji katika nyumba ya mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Akaona tangi la kioo lenye samaki wadogo, mikia yao kama upindo wa gauni, na ndani yake magugu ya kijani yanayotoa viputo kwenye majani. Akauliza magugu hayo yanakula nini. Mwalimu akamjibu kwamba yanakula mwanga. Hakuna mgeni mwingine aliyekuwa amewahi kumuuliza swali hilo, kwa hiyo mwalimu akampa tangi, samaki, magugu na mfuniko wenye nafasi ya tyubu mbili. Tyubu zenyewe zilikuwa zimekwisha kuungua.

Tangu hapo Liberatus hakutulia. Kwanza aliliweka tangi dirishani, akisema jua ni la bure. Maji yakageuka kijani kama mlenda, samaki wasionekane. Akalisafisha, akalihamishia ukutani na kulitundikia globu. Maji yakapata vuguvugu, samaki wakapanda juu kuhema, na magugu yakarefuka membamba na kupauka kama kijana aliyekua bila kula. Ndipo siku ile akaitazama tyubu ya darini, akamtazama mkewe aliyekuwa akishona, akaomba swichi izimwe.

Ni kweli kwamba tyubu ilifanya kazi. Haikupita wiki majani yakanyooka, na alasiri moja kiputo kikatoka chini ya jani, kikapanda, kikafuatwa na kingine, mpaka tangi zima likawa linachemka bila moto. Liberatus alimwita mkewe. Rozalia alifuta mikono, akaja, akainama, akatazama muda mrefu. Alikiri kwamba inapendeza.

"Lakini sindano nayo ina tundu, Baba Lusia," alisema, "na mimi silioni."

Lusia alikuwa binti yao wa pekee, yuko bweni shuleni Mbeya. Angekuwepo nyumbani angemtungia mama yake uzi. Liberatus alijitolea kutunga uzi yeye mwenyewe kila jioni, na kwa siku kadhaa alifanya hivyo kwa bidii, kabla ya kwenda kukaa mbele ya tangi lake.

*

Parokia yao ilikuwa ikimngoja Baba Askofu aje kutoa Kipaimara, na kwaya ilitaka majoho mapya. Mwenyekiti wa kwaya, Matilda, alikuwa mama mrefu, mwenye duka la chumvi na viberiti, aliyezoea kusemwa vizuri na kusema vizuri kwa zamu. Alimpa Rozalia kazi hiyo mbele ya wanakwaya wote. Kulikuwa na watu waliotaka ipelekwe kwa fundi wa mjini, mwenye cherehani tatu na kibao mlangoni, lakini Matilda alisema fundi wa mjini hawezi kujua mabega ya watu anaowaona Jumapili kwa Jumapili. Rozalia aliirudia sentensi hiyo kwa mumewe akiwa anapakua ugali, kwa sauti ya kawaida kabisa. Liberatus akajua kwamba ameifurahia mno.

Asubuhi Rozalia alilea watoto wa chekechea ya parokia, kwa hiyo majoho yalishonwa jioni. Alikata miili yote kutoka jora moja la bluu ambalo Matilda alilipata kwa kujuana na watu. Alipofika kwenye mikono, kitambaa kikaisha. Baadhi ya majoho yalipata mikono, mengine yakabaki kama vizibao. Iringa nzima haikuwa na bluu ile. Zikaja habari kwamba duka moja la Mbeya linayo.

Ikatokea kwamba Liberatus alikuwa na safari ya Mbeya kumwona Lusia. Rozalia alimkatia kipande cha kitambaa, akakifunga kwenye leso yake, akamwagiza kwa maneno machache. Alinganishe. Asilinganishe ndani ya duka, maana duka lolote linaweza kudanganya rangi.

"Kitoe nje, ukitazame juani," alisema. "Vyote viwili, kimoja juu ya kingine."

Liberatus alisema yeye ni mtu wa vipimo, asimfundishe.

Duka lenyewe lilikuwa refu na lenye giza, upande mmoja vitambaa, upande mwingine vifaa vya umeme, au tuseme mahali ambapo vifaa vya umeme vingekaa kama vingekuwepo. Muuzaji alikuwa kijana Mnyakyusa, Asukile, mwenye subira. Alitandaza kitambaa cha bluu juu ya meza, Liberatus akaweka kipande chake juu, na chini ya taa ya duka viwili hivyo vikawa kitu kimoja. Alikuwa amekwisha kukikunja ili akipeleke mlangoni pale alipoona, nyuma ya kichwa cha Asukile, tyubu mbili zimesimama kwenye kona.

Alizitaka ziwashwe. Asukile akaziwasha kwa zamu kwenye fremu ya majaribio. Moja ilitoa mwanga mweupe uliolainika kidogo, wa kumfanya mtu aonekane ameamka vizuri, sawa na tyubu ya nyumbani kwake. Nyingine ilitoa mwanga mkali wenye ubaridi, ambao Asukile aliuita mwanga wa mchana. Liberatus aliweka kiganja chini ya ya kwanza, kisha chini ya ya pili. Aliomba jani. Asukile akatoka nje, akamchumia jani la mbaazi. Jani lilitazamwa kwa mwanga huu, likatazamwa kwa mwanga ule, wateja wawili wakasogea kutoa maoni, na mmoja wao, aliyekuja kununua vifungo, akashikilia kwamba mwanga wa mchana ndio utakaoyafaa majani kwa sababu mchana ndio majani hukua. Hoja hiyo ilimshinda Liberatus. Alinunua tyubu ya mchana, akaifunga kwa magazeti na kamba, akaipakata njia nzima mpaka Iringa. Kitambaa nacho alikinunua. Kilikaa chini ya kiti.

*

Rozalia alipoona tyubu alitabasamu, akaanza kusogeza cherehani ili stuli ipate nafasi. Liberatus alikohoa. Akamweleza kwamba sasa amepata nafasi ambayo haitatokea tena: tyubu mbili za aina mbili, na mfuniko wenye nafasi ya zote mbili. Angeweka kadibodi katikati ya tangi, magugu yale yale, maji yale yale, upande huu mwanga mweupe, upande ule mwanga wa mchana. Wiki chache tu na mtu angejua.

"Ajue nini?" Rozalia aliuliza.

"Ipi bora."

Rozalia alimtazama, akaitazama globu yake ya manjano, akarudisha cherehani mahali pake. Jirani yao aliyepita kuomba moto wa jiko aliona kona moja ya sebule inang'aa kama chumba cha upasuaji, na kona nyingine mama mwenye nyumba ameinama juu ya nguo kama anayesoma barua iliyolowa. Aliondoka na moto wake bila kusema kitu, ila kwake alisema.

Chini ya globu ile bluu zote zilikuwa nyeusi. Rozalia alikata mikono kutoka kitambaa cha Mbeya, akaishona kwenye majoho yaliyobaki, akayapiga pasi, akayakunja. Aliuliza mara moja kama kitambaa kilitazamwa juani. Liberatus alikuwa na uso karibu na kioo, anatazama viputo vya upande wa mchana. Akasema kilitazamwa vizuri. Hakuwa amekusudia kudanganya. Alikumbuka kwamba alikuwa ametazama kitu fulani kwa makini sana.

Jumamosi, wiki moja kabla ya ujio wa Baba Askofu, kwaya ilikusanyika uwanjani mbele ya kanisa kujaribu majoho. Liberatus aliyabeba kwa baiskeli, akaiegemeza baiskeli kwenye ua, akasimama hapo kungoja. Jua la Iringa lilikuwa limetoka kweupe, jua la kipupwe lisilo na joto lakini lisiloficha jambo. Wanakwaya walivaa, wakajipanga, wakageuka.

Nusu ya kwaya ilikuwa ya bluu. Nusu nyingine ilikuwa na miili ya bluu na mikono ya zambarau, kama watu waliokuwa wakichuma zambarau wakasahau kunawa.

Matilda alitembea kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Alishika mkono wa huyu, akashika mkono wa yule. Hakupaza sauti. Alisema kwamba yeye ndiye aliyesema kazi ibaki parokiani, na kwamba Jumapili ijayo Baba Askofu atakaa umbali wa hatua chache kutoka kwaya, na macho anayo. Mama mmoja wa sauti ya pili alisema kwa huruma kwamba labda macho ya dada Rozalia yamechoka, ni umri, si kosa. Mwingine akasema fundi wa mjini bado angeweza kuombwa. Waliyasema haya kwa upole, na upole huo ndio uliomfanya Rozalia aanze kukusanya majoho kwa haraka kuliko ilivyohitajika.

"Nitafumua," alisema. "Kosa langu. Nitafumua na kuyarekebisha."

Hakumtaja mtu. Hakutazama upande wa ua hata kidogo. Liberatus alikuwa ameshika mpini wa baiskeli, na angeweza kuendelea kuushika. Wanaume wa umri wake hawakuwa na desturi ya kujiingiza katika mambo ya kwaya na cherehani. Aliona kidole cha mkewe kimefungwa kitambaa pale sindano ilipomchoma, akatambua kwamba hakujua kilichomwa lini.

Akaiacha baiskeli, ikaanguka. Watu wakageuka.

Alisema kosa ni lake. Aliagizwa akitoe kitambaa nje ya duka, hakukitoa. Kisha, kwa kuwa alikuwa Liberatus, hakuweza kuishia hapo. Alieleza kwamba mwanga hauna rangi moja, kwamba taa ya duka na jua havifanani, kwamba globu inaficha bluu kabisa na ndiyo sababu mke wake asingeweza kugundua, na kwamba tyubu ingemsaidia, ila tyubu zilikuwa kwenye utafiti. Mwalimu wa kwaya, Sedekia, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mzee Kikoti, nielewe vizuri," alisema. "Nyumbani kuna tyubu mbili?"

"Mbili."

"Na zote wanazo samaki."

Liberatus alifikiri kama kuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Hakuipata. "Zote wanazo samaki," alikubali.

Kicheko kilianzia kwa sauti ya nne, kikapanda mpaka ya kwanza. Matilda mwenyewe alilazimika kugeuka na kujifunika kwa kanga. Liberatus alisimama katikati yao, masikio yakimwaka, akavumilia mpaka walipomaliza. Hakuna aliyezungumzia tena macho ya Rozalia wala fundi wa mjini.

Walipofika karibu na nyumba Rozalia alisema baiskeli imepinda mpini. Liberatus akasema ameona.

*

Alipoingia tu, kabla hata ya kuvua koti, Liberatus alichomoa tyubu ya mchana, akapanda juu ya stuli. Alikuwa na haraka ya mtu anayetaka kusamehewa kabla ya chakula. Stuli ikayumba. Alijishika kwenye dari kwa mkono uliokuwa na tyubu, na tyubu ikapasuka kwa mlio mdogo na kumwagika sakafuni kama unga.

Rozalia alileta ufagio. Alifagia polepole, akakusanya vipande kwenye gazeti, akaliviringisha. Liberatus alibaki juu ya stuli maana viatu alikuwa ameviacha mlangoni. Kisha wote wawili waliitazama tyubu iliyobaki juu ya tangi. Ilikuwa ileile ya kwanza, ya nyumba.

"Ukiitoa yatanyauka," Rozalia alisema.

"Najua."

"Wiki nzima."

"Najua, Mama Lusia. Nipe viatu."

Taa ikarudi darini. Rozalia alitandaza majoho yote chini yake, akayazunguka kama anayenunua mbuzi. Bluu ya kwanza haikuwepo tena duniani, na kitambaa cha Mbeya kilikuwa kimebaki cha kutosha. Akaamua majoho yote yawe na mikono ya Mbeya, na kola za Mbeya, yafanane makosa. Lakini rangi zile zilikuwa jirani mno. Mtu angeona tu kwamba fundi alikosea mara nyingi zaidi. Kisha akaenda chumbani, akarudi na shuka jeupe, lile zuri la harusi lililokuwa likitolewa kwa wageni, akaliwekea mkasi. Angepitisha utepe mweupe kati ya mwili na mkono.

"Macho yakikuta mpaka hayaulizi," alisema, na kitambaa kikachanika.

Wiki ile Liberatus alijifunza kufumua. Kila jioni alikaa kwenye mkeka na wembe, akikata mshono mmoja mmoja, akivuta nyuzi, akizipanga kwa urefu mpaka alipokatazwa. Alikata kitambaa mara moja, akaonywa. Alikuwa mzuri kuliko walivyotarajia wote wawili, maana kazi hiyo ilitaka mtu asiye na haraka anayetazama kitu kidogo kwa karibu. Rozalia alishona. Walizungumza mambo ya Lusia, ya bei ya chumvi, ya jirani na moto wake. Kwenye kona tangi lilikaa gizani. Viputo vilikoma, majani ya chini yakawa ya kahawia, na Liberatus akipita kwenda kunywa maji alipita bila kugeuza shingo. Rozalia alimwona asivyogeuza.

Jumapili Baba Askofu alikaa umbali wa hatua chache, akasikiliza, akabariki, akala wali, akaondoka. Kama aliyaona majoho hakusema. Lakini mwenyekiti wa kwaya ya parokia jirani alimvuta Matilda pembeni, akapapasa utepe mweupe begani, akauliza mshono ule wameutoa wapi. Matilda alisema ndivyo ulivyopangwa tangu mwanzo. Kisha akatupa jicho haraka upande wa altare.

*

Jumatatu Liberatus alirudi kazini, na aliporudi nyumbani alikuta ndoo mbili za maji mlangoni na tangi limepunguzwa maji mpaka nusu. Rozalia alikuwa amelisogeza peke yake kwa kuliburuta juu ya gunia, shubiri kwa shubiri, kutoka kwenye kona mpaka katikati ya sebule, ubavuni mwa cherehani. Alikuwa amekaa kando yake anajipepea.

Liberatus alimweleza kwa upole kwamba alikuwa amefanya vizuri, lakini dari iko juu mno, mwanga ukishuka umbali ule unafika chini umechoka, haulishi jani.

"Sasa wewe mtu wa vipimo," Rozalia alisema, "taa ndiyo haishuki?"

Akaenda kutafuta waya.

Waliishusha pamoja, yeye juu ya stuli na mkewe akiishikilia stuli safari hii, mpaka fremu ikaning'inia juu ya tangi kwa upande mmoja na juu ya sindano kwa upande mwingine, usawa wa utosi wa mtu wa kawaida. Sebule nzima ikabaki na kivuli kizito juu, kama nyumba iliyovaa kofia. Majani mengine yalikufa. Yale yaliyobaki yalisinyaa, yakafikiri, yakaanza tena. Rozalia aligundua kwamba samaki husogea pale cherehani inapolia, akawa anawasimamisha na kuwaondoa kwa pedali, jambo ambalo Liberatus alitaka kulipima akakatazwa.

Kazi ziliongezeka. Mikono yenye utepe mweupe ilitakiwa mpaka Tosamaganga. Siku moja mwalimu Sedekia alikuja kupimwa suruali. Aliitwa ndani, akaingia na salamu yake ndefu ya Kihehe, kamwene ya huku na kamwene ya kule, na kwa kuwa alikuwa mrefu na macho yake yalikuwa kwa wenyeji, alijigonga kwenye taa usoni. Taa ikabembea. Mwanga ukaenda ukutani, ukarudi majini, samaki wakakimbilia chini ya majani.

Liberatus na Rozalia waliinuka kwa pamoja. Liberatus aliishika fremu upande mmoja, Rozalia upande mwingine, wakaituliza, wakakagua tyubu kutoka ncha mpaka ncha. Sedekia alikuwa akijishika paji la uso. Aliuliza kwa heshima kama nyumba hii haiwezi kuweka taa juu kama nyumba za watu.

"Hiyo si taa ya wageni, Mwalimu," Rozalia alisema, akiwa bado ameishikilia. "Pita huku, uiname."